Ngozi za Bwana Ughetto

Zamani huko Bologna, tajiri Ughetto alimpa mnakili Bettino bunda la ngozi za kuandikia, amnakilie kitabu cha sheria za Warumi kwa ujira wa punda. Kazi ilipokwisha, Ughetto akachukua kitabu, punda akamnyima. Wakafikishana kwa hakimu.

"Sheria ya Warumi iko wazi," Ughetto alisema. "Maandishi ni ya mwenye ngozi. Akitaka wino wake, aukwangue."

"Hata kama nimeandika mpaka macho yameniuma?" Bettino aliuliza kinyonge.

"Hata ungeandika kwa dhahabu!"

"Ni kweli," hakimu alisema. "Kitabu ni cha mwenye ngozi."

Bettino alimshukuru, akatoa bunda mkobani.

"Niliandika kwenye ngozi zangu, Bwana Ughetto. Zako hizi hapa, hata kamba yako sijaifungua."