Kwa Nini Mganga Hunywa Kwanza

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana habari hii sipendi kuikatiza.

Zama hizo msitu ulifika hadi nyuma ya mazizi ya mbuzi, na waganga walikuwa watu wa kiburi. Mganga hakuketi na mgonjwa. Aliitwa, akaja, akasimama uani, akaweka mzizi juu ya jani pale kizingitini, akataja kiasi cha maji ya kuchemshia, kisha akageuka akaenda zake bila kutazama nyuma. Ilisemekana kwamba akitazama nyuma, ugonjwa utamwona uso na kumfuata hadi kwake. Nani aliwahi kuuona ugonjwa ukimfuata mtu njiani, hilo hakuna aliyeuliza.

Mzizi nao uliletwa uchi. Mganga aliuchimba peke yake, akaukwangua ganda hukohuko porini, akafukia ganda na majani yote ili jirani asije akaokota na kujua ni mti gani. Siri ndiyo iliyokuwa shamba lao na ng'ombe wao. Sasa mzizi ukishakwanguliwa ukawa mweupe, ukakauka siku mbili mkobani, unafanana na mizizi yote ya dunia. Walipoambiwa hivyo waganga walicheka tu, wakasema mkono unajua.

Katika kijiji kimoja cha nyuma ya vilima aliishi mwanamke aitwaye Mbodze. Mumewe alikuwa amekwenda mwendo wa siku nne kutafuta chumvi, na nyumbani alibaki yeye na binti yake Sidi, mtoto wa miaka minne, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Mganga wa hapo alikuwa mmoja tu, Mzee Chengo. Mti wake mkuu uliitwa mpoza, nao ulikuwa dawa ya homa.

Mwaka ule homa iliwaingia watoto. Wa kwanza alikuwa Fondo, mwana wa Jumwa, jirani yake Mbodze. Mzee Chengo aliitwa asubuhi, akaweka mzizi kizingitini, akaondoka. Mtoto akanyweshwa. Alasiri alikuwa amekufa, na watu wakasema homa imemshinda, Mungu amempenda, na maneno mengine ambayo watu husema wakitaka kurudi makwao.

Baada ya matanga Jumwa alimshika Mbodze mkono kisimani. Hakuwa analia tena.

"Dada, mwanangu hakufa kwa homa," alisema. "Homa ilikuwa imeanza kushuka kabla hata hajanywa. Alipokunywa, kwanza ulimi ulikuwa mzito. Halafu shingo ikalegea. Alilegea kama wale samaki wa dimbwini."

Mbodze alielewa mara moja. Kiangazi watu wa pale waliponda mzizi wa mti uitwao mlevya na kuutia kwenye madimbwi ya mto, na samaki wakaelea juu, hai lakini hawana nguvu, wakaokotwa kwa mkono. Mlevya na mpoza huota pamoja, kichaka kimoja. Na aliyekuwa akiwachimbia wavuvi mlevya ni Mzee Chengo huyohuyo.

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nani atasimama mbele ya mganga amuulize?"

Siku nane hazijaisha, Sidi akaamka hataki uji. Mbodze alimgusa paji la uso, akauondoa mkono upesi. Kufikia jua la kuanika nafaka, mtoto alikuwa anatetemeka na kuwaita watu wasiokuwapo. Mbodze aliingia na kutoka, aliingia na kutoka. Akimwita mganga, huenda akaletewa kifo kwenye jani. Asipomwita, kifo tayari kilikuwa mkekani kinamtazama. Mwisho alimwita, kwa sababu mzazi hawezi kukaa tu na mikono mitupu.

Mzee Chengo alikuja, akasimama uani, akatia mkono mkobani bila kuangalia, akatoa mzizi, akauweka kizingitini. "Maji ya kata mbili. Yachemke mpaka ibaki moja," alisema, akageuka.

Mbodze aliuokota. Ulikuwa mweupe, laini, hauna harufu. Aliusogeza puani, akaulamba kwa ncha ya ulimi, akapata ladha ya udongo. Alifikiria kumpa kuku maji yake amtazame, kisha akakumbuka kuwa kuku hudonoa matumbo ya samaki waliolevywa mwaka nenda mwaka rudi na hawadhuriki. Ndani Sidi akaanza kupinda mgongo. Mbodze akatoka mbio.

"Mzee Chengo."

Mzee hakugeuka. Alimwita tena, na tena hakugeuka, akazidisha mwendo. Basi Mbodze akafanya jambo ambalo mwanamke wa kijiji kile hakuwahi kulifanya: akamzunguka, akasimama mbele yake katikati ya njia, na mzizi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Huu ni mti gani?"

"Una wazimu? Toka njiani."

"Mtoto wa Jumwa alikunywa akalegea ulimi, kisha shingo. Homa hailegezi shingo, mzee. Homa inakaza."

Mzee Chengo akamtazama. Hakuwa na habari hiyo. Angeipata wapi, naye hakuwahi kukaa uani mwa mgonjwa hata siku moja aone dawa yake imefanya nini? Aliuchukua mzizi, akaugeuza, akauleta karibu na macho, akausogeza mbali. Mbodze alimwona anaurudisha tena karibu na macho, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Alikuwa akiomba mzee amkaripie. Alitaka amwambie wewe mjinga, huu ni mpoza, hata kipofu anajua.

"Mkono wangu unajua," alisema Mzee Chengo, lakini taratibu.

"Mlevya umo mkobani humo pia?"

"Nilichimba yote siku moja."

"Basi tukachimbe mwingine."

"Kichaka kiko mbali, na miguu yangu unaiona. Nitarudi jua limezama. Mtoto wako hatafika saa hiyo." Akakunja uso, kiburi kikamrudia. "Nimesema mkono wangu unajua."

"Kama unajua," alisema Mbodze, "kunywa wewe kwanza."

Wakasimama hivyo. Mzee angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Nadhani alikubali kwa hasira, ili amwaibishe mwanamke yule. Wengine husema alikubali kwa sababu alitaka kujua habari ya Fondo. Siwezi kuwahakikishia, sikuwa moyoni mwake.

Alirudi, akavuka kizingiti, akamwona mgonjwa kwa mara ya kwanza katika uganga wake wote. Sidi alimtazama bila kumwona. Dawa ikachemshwa, ikapozwa, naye, ambaye hakuwahi kuionja dawa yake mwenyewe, akanywa nusu ya kata, akaketi akiegemea nguzo ya jiko. Walikubaliana kungoja mpaka kivuli cha ghala kifike kwenye kinu.

Mimi kungoja nakuchukia, lakini kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kote nilikowahi kusimuliwa. Kivuli kilikuwa hakisogei. Mbodze alimlowesha mtoto kwa kitambaa, akatazama kivuli, akamtazama mzee, akarudi kwa mtoto. Sidi alikuwa ameacha kuita watu, sasa alikuwa anapumua tu, kifupi kifupi. Mara mbili Mbodze alishika kata ampe. Dawa iko hapa, aliwaza, mwanangu anaisha, na mimi nangoja kivuli. Na kama ni mpoza? Na kama atakufa kwa sababu ya hofu yangu, na dawa yake iko mkononi mwangu?

"Mzee, unajisikiaje?"

"Vizuri. Ngoja."

Kivuli kilibakiza hatua moja. Mbodze akauliza tena, na safari hii jibu lilichelewa.

"Midomo," alisema Mzee Chengo. Akaigusa kwa kidole, kama mtu anayepapasa kitu cha mwenzake. "Siisikii midomo yangu."

Mbodze alimwaga ile dawa kwenye majivu. Kisha akakaa chini, kwa sababu mtoto wake alikuwa ameepuka sumu na bado hakuwa na dawa.

"Niambie mti," alisema. "Nitakwenda mimi. Niambie mti ukoje kabla ulimi haujalegea."

Mzee Chengo alitazama kushoto na kulia, kwa mazoea tu, aone nani anasikiliza. Mtu anakufa na bado anaficha. Lakini macho yake yalimwangukia Sidi, akasema. Majani ya mpoza hutoka mawili mawili, na chini yake ni meupe. Ganda la mzizi ukilikwangua ndani lina wekundu. La mlevya ndani ni la manjano. Aliyasema mara mbili, na mara ya pili maneno yalikuwa yameanza kuvimba mdomoni.

Aliyekuwa karibu wa kuachiwa mtoto ni mmoja tu. Mbodze alimwita Jumwa juu ya ua, akamweleza kwa maneno matano, akamwona akimtazama yule mzee aliyelala chini ya nguzo, shingo imeanza kulegea. Akachukua jembe akakimbia, na njia nzima hakujua anachokiogopa zaidi, homa iliyo nyumbani au mikono ya mwanamke aliyemwachia watu wawili wasiojiweza.

Alikimbia akisema kwa sauti, asije akasahau: mawili mawili, chini meupe, ndani wekundu. Kichakani miti ile ilikuwa imesimama pamoja, matawi yameshikana. Akachimba wa kwanza, akaukwangua kwa ukucha, akaona manjano, akautupa. Akachimba wa pili. Wekundu. Hakuamini, akaukwangua mahali pengine, wekundu tena. Akaukata pamoja na ganda lake, akavunja na tawi lenye majani, kwa sababu hakutaka kufika nyumbani akaanza kujiuliza, na akarudi mbio.

Alipoingia uani jua lilikuwa limeegemea vilima. Jumwa alikuwa ameketi mkekani. Sidi alikuwa kifuani pake amefungwa kitambaa kibichi, bado anapumua. Na kwenye paja lake kilikuwa kichwa cha Mzee Chengo, amekiinua kwa mkono mmoja asipaliwe na mate yake, na kando yake pana matapishi na kibuyu kitupu cha maziwa.

"Nimemtapisha," alisema Jumwa, hakuinua macho. "Chemsha."

Mbodze akachemsha. Dawa ilipopoa akanywa yeye kwanza, mafunda matatu, chungu kupita kiasi, akaketi akahesabu pumzi za mtoto huku akiuma ulimi wake mara kwa mara aone kama anausikia. Alikuwa anausikia. Aliuuma mpaka ukatoka damu, na bado alikuwa anausikia. Hapo ndipo alipomnywesha mtoto, kidogo kidogo, kwa kidole. Ng'ombe walipokuwa wanaingia zizini Sidi alitoka jasho, jasho jingi la kulowesha mkeka, akauliza kwa nini babu amelala jikoni.

Mzee Chengo hakufa. Ulimi ulimrudia siku ya tatu, nao haukurudi wote. Alipoweza kusimama hakwenda kwake. Alikwenda kwa Jumwa, akavuka kizingiti, akaketi chini kwenye udongo.

"Ni mimi," alisema.

"Najua."

"Sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua."

"Hilo nalo najua," alisema Jumwa. Alikuwa anapepeta mtama, na hakuacha kupepeta. "Siku ile nilipokushika kichwa nilikuuliza neno, ukawa huna ulimi wa kunijibu. Sasa unao. Mbona kwangu hukunywa?"

Mzee Chengo alikaa pale mpaka mtama wote ukaisha kupepetwa. Akanyanyuka akaenda zake. Kesho yake aliitwa kwa mgonjwa mwingine, akaja na mzizi wenye ganda lake na majani yake, akaingia, akaketi, akaomba kata, akanywa.

Na tangu siku hiyo, mganga wa mitishamba huleta mzizi na ganda lake na jani lake, akaketi mkekani pamoja na mgonjwa, na hunywa yeye kwanza, kisha wote wakangoja. Watoto hudhani anawaonyesha kwamba dawa si chungu. Ni chungu sana. Mganga yule anywapo, bado anamjibu Jumwa.