Matanga ya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Waliosimama wakae, waliokaa wasogee. Kaa anapita!

Hapo zamani za kale, chini ya maji, penye mwani na mawe, alikuwapo kaa mdogo, jina lake Bi Mize. Mwili wake kama kokwa ya zambarau, miguu mirefu, myembamba, ya buibui. Mbio hana. Nguvu hana. Silaha yake nguo. Mgongoni ana vinyweleo vilivyopinda kama ndoana. Huchuma mwani, hubandika. Huchuma sifongo, hubandika. Pweza akipita juu yake huona kichaka tu, huenda zake.

Siku moja gamba likambana. Mwili unakua, gamba halikui! Akasukuma, akasukuma. Tataa! Likapasuka nyuma. Akatoka kinyumenyume, laini kama andazi lililochovywa chai, akajichomeka chini ya jiwe angoje gamba jipya liwe gumu. Gamba la zamani likabaki limesimama pale pale, na nguo zake zote.

Jirani yake, samaki Pono, akapita. "Hodi, Bi Mize!"

Kimya. Akamgusa. Pu! Likaanguka.

"Ole wetu! Bi Mize katutoka!"

Majirani wakajaa, matanga yakawekwa. Samaki Bunju akalia hadi akavimba.

"Marehemu alikuwa mwungwana," akasema Pono.

Chini ya jiwe Bi Mize akatabasamu.

"Ila ile miguu," akasema Bunju, "fito za banda bovu!"

"Na nguo za kuokota!" akadakia Pono.

Wakacheka, kilioni humo humo. Kisha wakagawana zile nguo. Pono akabeba mwani, Bunju akajivika sifongo.

Bi Mize damu ikamchemka. Sifongo yangu! Akainua gando amchape. Gando likapinda kama tambi. Akalishusha.

Mara, Pweza huyo, kumbe alikuwa akisikiliza! "Poleni, wafiwa. Nimekuja kuzika."

Wafiwa wote, fyuu! Pweza akalitia gamba kinywani. Kra! Tupu.

"Ahaa! Mwenyewe yu hai, tena laini." Akaita kwa sauti ya asali: "Bi Mize, mwanangu, wamekutukana! Toka uwajibu! Fito, wamesema. Banda bovu!"

Ulimi ukamwasha Bi Mize. Akanyamaza.

"Hata sifongo yako wamechukua!"

Hapo alilikumbatia jiwe kwa miguu yote. Akanyamaza.

Pweza akatia mkono tundu la kwanza chini ya mawe. Mchanga. Akatia la pili. Uwiii! Miiba ya mwenyeji mwingine! Akaenda zake akiuguza mkono.

Siku ya tatu wafiwa wakarudi. Kumbe Bi Mize kakauka, mgumu, ko ko ko, anakuja kwa miguu yake ile ile.

"Mzuka!" Bunju akavimba, akapaa juu tumbo wazi, sifongo ikamdondoka.

"Nguo zangu," akasema Bi Mize.

Pono akautua mwani. "Shoga, tulikusifu mno!"

"Nilisikia. Na fito nilisikia."

"Sasa mbona hukutujibu?"

"Ningejibu siku ile," akasema Bi Mize, akibandika sifongo yake, "leo mngekuwa na maiti kweli."

Basi, wakubwa kwa wadogo, si kila tusi hujibiwa papo hapo. Ukiwa laini, nyamaza kwanza. Ukishakomaa, ndipo useme.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na kiu akanywe maji, ila si ya bahari.