Kisima Kisicho na Mikono

Palikuwa na mtu mwenye ng'ombe wengi na kisima kimoja. Naanzia hapo, wapendwa, ingawa mmenisimamisha hapa nimhubirie marehemu. Nitamfikia. Mheshimiwa mgeni wetu ameongea kabla yangu, ameahidi alichoahidi, na mmempigia makofi mbele ya jeneza. Haya. Sasa nipeni masikio na mimi, na nyie akina baba wa huko nyuma, simu mfukoni. Sote tunajua kwa nini tuko hapa. Nakijwa, mke wa Mbonea, amekufa kwa uchungu wa kuzaa, yeye na mtoto, kwenye benchi la nje ya zahanati yetu. Zahanati ina vitanda, ina taa za jua, ina rangi mpya ukutani. Mlango ulikuwa na kufuli, kwa sababu nesi ni mmoja, na siku ile alikuwa amefuata chanjo wilayani. Nina hasira leo, sifichi. Ndiyo maana sitahubiri, nitasimulia tu, maana nikihubiri nitatukana.

Mtu huyo aliitwa Parmuati, mfugaji wa kule tambarare, ng'ambo ya milima yetu. Kisima chake kilikuwa kirefu mno, kimechongwa ndani ya mwamba, tena kimepindapinda kama utumbo. Msiniulize kwa nini hawakutumia kamba. Kamba ilikwama kwenye kona ya kwanza. Maji yale yalipandishwa na watu. Ukutani palichongwa vidato, kila kidato kikasimamiwa na mtu mmoja, na ndoo ya ngozi ikapita mkono kwa mkono kutoka chini gizani mpaka juu kwenye hori la kunyweshea. Aliyesimama chini kabisa, maji yakimfika kiunoni, aliitwa Koisenge, na ndiye aliyeanzisha wimbo. Kwa kuwa hawakuweza kuonana, ni wimbo uliowaambia lini wa chini arushe na lini wa juu adake. Hakuna aliyeitazama ndoo. Mikono ilikuwa imeshajuana. Na ujira wao ulikuwa kibuyu cha maziwa kila asubuhi.

Sasa, Parmuati hakuwa mjinga, naomba mlishike hilo. Aliona ng'ombe wake wanaongezeka na watu wake wa kisimani wanazeeka. Akasema, lazima tufundishe wengine. Akasema vizuri kabisa. Basi kila masika yalipokwisha alikusanya vijana, wa kiume na wa kike, akawatafutia mwalimu. Ila hakutaka wamcheleweshee kazi kisimani, kwa hiyo akawapeleka pembeni, kwenye shimo kavu, wakajifunza kurushiana ndoo tupu. Kila mwaka alikuja mwalimu mwingine, na kila mwalimu alikuja na wimbo wake. Walipohitimu, Parmuati alichinja dume, akamvisha kila mmoja mkanda mwekundu wa ngozi, watu wakala, wakacheza, wazazi wakalia kwa furaha. Na wageni walipomuuliza juu ya kisima chake, hakuwaambia ni mikono mingapi iko vidatoni. Aliwatajia mikanda aliyovisha. Nyama ilipokwisha, aliwaambia vijana maneno yale yale ya kila mwaka: "Nendeni nyumbani. Nitawaita."

Hakuwaita. Kuwaita ni kutoa maziwa kila asubuhi, na miaka ile mvua zilikuwa nzuri, madimbwi yamejaa, ng'ombe wakinywa popote. Parmuati aliona mtu aliyesimama kisimani wakati wa mvua ni mdomo wa kulishwa tu. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya neema alichimba kisima cha pili, kisha cha tatu, na hapo mkono wake haukuwa mzito hata kidogo. Kisima, jamani, mgeni akipita anakiona. Anasimama, anakizunguka, anasifu mawe yalivyopangwa. Mikono ya mtu aliyekaa kwao akisubiri kuitwa, nani ataisifu?

Tena kila kisima kipya kilipofunguliwa kwa ngoma na nyama, Parmuati alichomoa watu wawili watatu kutoka kile cha zamani akawapeleka huko. Hivyo visima vyote vitatu vikawa na mapengo. Penye pengo, wa chini alilazimika kupanda na ndoo, aikabidhi, ashuke tena kudaka nyingine. Nusu ya maji iliishia ukutani. Magoti yakaumuka, mabega yakateguka. Na waliokaa juu wakisubiri kunywesha wakaanza kuwasema, kwamba siku hizi watu wa kisimani hawana huruma, wana midomo michafu, wanajibu watu vibaya. Mnatazamana? Mlimwambia hivyo hivyo nesi wetu mwezi uliopita, pale pale barazani, nami nilikuwepo na sikufungua mdomo.

Siku moja Koisenge alipanda mpaka juu, macho yakimuuma kwa mwanga, akamwomba Parmuati ampe hata mtu mmoja tu, asimame naye kule chini, alizoee giza na wimbo wakati yeye bado ana nguvu za kumwonyesha. Parmuati akamshika bega. Akamwambia avumilie, watu wapo, tena wapo tele, wanakuja. Kwamba walikuwa tele hakusema uongo. Walikuwa wamekaa majumbani kwao.

Mmoja wao alikuwa binti aitwaye Nairoshi, ambaye kwao palikuwa kando ya njia ya kisimani. Mwaka wa kwanza alijifunga mkanda wake kila alfajiri, asije akaitwa akakutwa hajajiandaa. Wapita njia wakamzoea, wakawa wanamtania, "Mama mkanda, bado tu?" Naye alicheka. Mwaka uliofuata hakucheka tena, na ule mkanda alikuwa akifungia kuni. Wenzake wengi wakavuka kilima kwenda kwa jirani wa Parmuati, mtu ambaye hakuwahi kumfundisha yeyote wala kuchinja dume kwa ajili ya yeyote, ila maziwa yake yalitoka kila asubuhi bila maneno. Parmuati aliposikia alifoka. Aliwaita wasaliti, wamekula nyama yake wakamkimbia. Loo! Jirani hakuiba kitu cha mtu, wapendwa. Aliokota kilichotupwa njiani.

Kisha mvua zikakataa. Madimbwi yakawa matope, matope yakawa vumbi. Parmuati alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Nemburis, aliyemwozesha mbali, na huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kisima cha wakwe zake kilipokauka hakuhangaika. Alisema, naenda kwa baba, kwa baba kuna visima vitatu. Akatembea na tumbo lile kwenye jua lile, akafika kwenye kisima cha zamani mchana, midomo imepasuka na uchungu umeshamshika. Wakamlaza kando ya hori, wakamtandia shuka juu kuzuia jua. Hori lilikuwa kavu. Ng'ombe walikuwa wamelizunguka, wanalia. Nemburis aliomba kitu kimoja tu, maji.

Hapo ndipo Parmuati alipokumbuka kuita. Alituma watu wakimbie nyumba kwa nyumba wakipiga kelele kwamba wenye mikanda wote wanahitajika, leo, sasa hivi, maziwa watapewa, chochote watapewa. Waliokuwa bado hawajavuka kilima wakaja. Sitawalaumu, walikuja mbio. Wakashuka vidatoni, wakaziba mapengo, na kwa mara ya kwanza tangu kisima cha pili kichimbwe kila kidato kilikuwa na mtu. Parmuati alipumua. Alimwinamia binti yake akamwambia avumilie kidogo, maji yanapanda.

Koisenge akaanza wimbo kule chini. Kati ya waliokuja mbio hakuna aliyeujua. Kila mmoja alishika ule aliofundishwa mwaka wake, wa huyu una haraka, wa yule unavuta pumzi katikati. Tena hapakuwa na hata mmoja wao aliyewahi kupokea ndoo yenye maji ndani yake, hawakujua uzito wake. Ndoo ya kwanza ilimwagika yote kabla ya kona ya pili. Nyingine ilirushwa na mtu kwa mtu aliyekuwa bado hajafungua mikono. Ikapita. Ikaanguka kona hadi kona, nzito, ikampiga Koisenge kichwani, na wimbo wa chini ukakatika.

Waliokuwa vidatoni wakapanda juu, wakasimama kwenye mdomo wa kisima wakiitazama mikono yao. Yakasikika maji yakidondoka huko chini, ndo, ndo, ndo. Nemburis akafumbua macho akamtafuta baba yake.

"Baba, maji nayasikia. Watu wako wapi?"

Parmuati akageukia mdomo wa kisima. Nairoshi, mmoja wa wale waliokuja mbio, ndiye aliyesogea. Alifunga kibuyu shingoni kwa ule mkanda wake wa kuni, akashuka peke yake. Hakuwahi kufika chini hata siku moja. Alipapasa ukuta, akateleza, akajishika, akafika majini akamkanyaga Koisenge bila kumwona. Akajaza kibuyu. Akaanza kupanda, peke yake, mahali palipochongwa kwa ajili ya watu wengi. Alipotokeza juani magoti yalikuwa yanavuja damu. Parmuati akampokonya kibuyu, akamimina maji midomoni mwa binti yake. Yakatiririka shavuni, yakaingia mchangani. Mtoto alicheza tumboni, wote walimwona, nguo ikainuka kidogo. Kisha naye akatulia.

Sitasema Parmuati hakuwa na moyo. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akanyoa nywele, akakataa chakula. Ng'ombe wake walikufa wakizunguka visima vyenye maji. Kisha mvua zikarudi, majani yakaota juu ya mifupa. Mnajua alifanya nini? Mngedhani alimtafuta Nairoshi amsimamishe kisimani, ampe maziwa yake, ampe na wenzake, waimbe wimbo mmoja wakati wa mvua ili waujue wakati wa kiangazi. Hakufanya hivyo. Alichimba kisima cha nne. Alikipangia mawe mazuri kuliko vyote, akaalika watu wa mbali na wa karibu, akachinja dume, na kwenye jiwe la mlangoni akachonga jina la Nemburis. Watu wakapiga makofi, wengine machozi yakawatoka, wakasema kweli huyu baba alimpenda mwanawe. Nairoshi hakuwepo kwenye sherehe. Alikuwa ameshavuka kilima.

Hadithi yangu imeishia hapo, wala sina tafsiri ndefu ya kuwapa. Nuruana, mwanangu, hebu simama hapo kwenye masufuria wakuone. Huyu mnamjua. Alisomea uuguzi, akafaulu, tulimshangilia kwenye kanisa hili hili, akaambiwa asubiri ajira. Bado anasubiri, na leo ndiye aliyetupikia chai ya msiba. Ndiye pia aliyepiga magoti mbele ya lile benchi na mikono mitupu, Nakijwa amemng'ang'ania kitenge, na dawa ya kuzuia damu iko ndani, nyuma ya kufuli, hatua chache tu kutoka pale. Aliligonga lile kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikachubuka. Kaa, mama. Futa machozi. Wewe hukumkosea mtu.

Na wewe mheshimiwa, nakuheshimu, umetoka mbali kuzika nasi na chai yetu umekunywa. Umetuahidi wodi mpya ya wazazi, ya matofali ya kuchoma, na umesema itaitwa kwa jina la Nakijwa. Makofi umeshayapata. Mbonea pale ana binti anayekua, yule aliyeshika picha ya mama yake, na kabla hatujashika makoleo ana haki ya kusikia jibu la swali moja: siku naye atakapofika kwenye mlango huo wenye jina la mama yake, uchungu umemshika, nani atakuwa ndani kumfungulia?