Kwa Nini Mashine Haiwezi Kueleza Ilivyojua

Zamani, mashine za kufikiri zilipokuwa changa, hazikuwa na macho wala masikio. Zilifundishwa kwa kuambiwa tu. Mafundi wake waliamini kwamba kila anachokijua mtu huandikika kuwa sheria, na sheria zikitosha, akili imekamilika.

Ndipo Fundi Anyosisye alipomwita Tupokigwe, mama wa watoto saba, aliyetambua sababu ya kilio cha mtoto mchanga hata akiwa jikoni anakoroga uji. Mashine ikilijua hilo, fundi alimwahidi, kina mama wote watalala. Tupokigwe hakuwa amelala sawasawa tangu kifungua mimba wake, Ipyana. Alikuja upesi, wa saba akiwa mgongoni.

"Kilio cha njaa kikoje, Mama Ipyana?"

"Kifupi, kinapanda."

Fundi akaandika. "Na cha tumbo?"

"Kirefu. Lakini hata cha usingizi ni kirefu."

"Sasa unavitofautishaje?"

"Ukikisikia utajua."

"Hiyo si sheria, mama."

"Basi andika wewe uliyezaa."

Siku ya tatu sheria zilifika mia nne, na kila moja ilikuwa na lakini yake. Tupokigwe hakukalia kiti alichopewa. Alizunguka chumba akimtikisa mtoto, akizifikiria nguo alizoziloweka juzi, zilizokwisha kuanza kunuka.

Mara mtoto akalia. Fundi akakipima kilio, akaijulisha mashine vipimo vyake. Ikajibu: njaa. Wakati huo Tupokigwe alikwisha kumgeuza mtoto na kumtoa siafu shingoni.

"Umejuaje?" Anyosisye aliuliza, kalamu mkononi.

Tupokigwe akafungua kinywa. Aliyatafuta maneno, asiyapate, na jambo hilo likamkera kuliko uchovu.

"Sijui, baba. Nimesikia vilio vya watoto saba, nikakosea, nikarudia. Nayo itengenezeeni masikio, muiwekee vilio, ikikosea iambieni."

"Vilio vingapi?"

"Utakavyovipata vyote. Mimi naenda kufua."

Tangu hapo mashine zikaacha kungoja sheria. Zikaanza kulishwa sauti, picha na maneno yasiyo na idadi, na mpaka leo hazijashiba. Hujibu, tena mara nyingi hupatia. Ila ukiziuliza zimejuaje, hutapatapa kama Tupokigwe siku ile. Na mtoto akilia, anayeamka bado ni mama.