Unga Juu ya Boneti

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzi tu, palikuwa na gari la buluu kule Singida. Mwenyewe, Mzee Gunda, alikuwa ameshafariki. Lakini kabla hajafa aliwaambia watu wake, "Binti yangu Zaituni akiolewa, atoke hapa ndani ya gari langu." Hakusema zaidi, na neno la marehemu nani atalibishia?

Gari likakaa uani. Jua likalipiga, mvua ikalinyeshea, na mbuzi wakaona boneti ni mahali pazuri pa kulala. Mnawajua mbuzi wetu. Harusi ilipopangwa iwe Jumamosi, boneti ilikuwa mikwaruzo na kutu tupu. Upande wa bwana harusi wakatuma salamu za adabu: "Kama gari lina shida, msihangaike, tutaleta la kukodi." Salamu zile zilimchoma Mama Zaituni, mjane wa Gunda. Mume wake alikuwa ameomba jambo moja tu.

Fundi wa rangi mwenye kompresa alikuwa safarini. Zikabaki rangi za makopo, zile za kubonyeza kwa kidole. Mama Zaituni akawaita watu watatu, wote wanajua kuendesha: Ntandu, mjomba wa bibi harusi; Msengi, kaka wa bibi harusi; na Sauda, shangazi yao, dada wa marehemu. Akauinua ufunguo wakauona.

"Atakayelifanya gari hili ling'ae ndiye atakayemwendesha mwanangu. Wengine watapanda pikapu pamoja na masufuria."

Ntandu akashika msasa. Akasugua kutu mpaka bati likaonekana, akaziba mashimo kwa puti, akasugua tena, akamalizia kwa msasa wa maji. Msengi akauliza, "Mjomba, tupulize?" Ntandu akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya boneti. "Bado. Kovu ambalo kiganja kinalisikia, jua litalitangaza." Akasugua tena. Msengi akauliza tena. "Bado." Akasugua tena, mpaka siku moja nzima ikaishia kwenye boneti.

Upepo wa Singida haukualikwa, lakini ulikuja. Shangazi Sauda akafagia ua, akaumwagia maji ili vumbi lilale, akatundika mashuka mabichi kulizunguka gari, na mbuzi akawafungia zizini kwa mkono wake mwenyewe. Msengi akainua kopo.

"Bado," akasema Sauda. "Shuka linatikisika."

Wakangoja. Shuka likatulia.

"Haya, mwanangu, sasa."

Msengi alikuwa ameyaweka makopo kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akayatikisa mpaka bega likamuuma. Alianza kubonyeza nje ya boneti, akapita, akaachia nje upande wa pili. Mkono haukusimama katikati hata kidogo. Tabaka la kwanza la rangi lilikuwa jembamba hata ungeona aibu kuliita rangi. Mama Zaituni akachungulia kati ya mashuka.

"Ndiyo hiyo tu? Ongeza, baba, usiwe bahili."

"Nikiongeza itachuruzika, mama."

Akangoja ikauke, akapuliza. Akangoja, akapuliza. Mwishoni akapuliza vanishi ya kung'arisha. Watu wakamwambia ayamalize makopo yote, ya nini kubakiza? Akakataa, akaweka moja la vanishi kando.

Mashuka yalipofunuliwa, mawingu yalionekana ndani ya boneti. Ungemwona Mama Zaituni! Sasa, nyumba ile ina desturi yake: kinachokwenda safari ya heri hunyunyiziwa unga wa uwele. Hunyunyiziwa siku ya safari, mlangoni. Lakini furaha ikishampanda mtu kichwani, kalenda ataiona wapi? Mama akaingia jikoni, akatoka na konzi ya unga, akapiga kigelegele, akanyunyiza.

Vanishi ilikuwa bado mbichi.

Msengi akarukia kitambaa. Sauda akamdaka mkono. "Usiguse. Ukipangusa sasa utasonga ugali." Mama Zaituni akakaa chini pale pale, akalia. "Nimeliharibu gari la baba yenu kwa mkono wangu." Hakuna aliyemlaumu.

Wakaliacha likauke, ingawa kungoja kuliwauma. Kesho yake alasiri Ntandu akachukua msasa laini kuliko yote, maji na sabuni, akasugua polepole. Unga ukatoka, buluu ikabaki, ila mng'ao wote ulikuwa umekwenda na unga. Msengi akaleta lile kopo aliloliweka. Sauda akayarudisha mashuka, akayatazama, akayatazama tena, akasema, "Sasa." Msengi akapuliza, na safari hii Mama Zaituni alikaa mbali, mikono ameikalia.

Asubuhi ya Jumamosi gari lilikuwa linang'aa kuliko mara ya kwanza. Mama aliligusa, akaona ni kavu, akashusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu siku ya mazishi. Wote wakacheka, hata pasipo na cha kuchekesha. Punje moja tu ya unga ilikuwa imebaki chini ya vanishi, pembeni. Ntandu akataka kuitoa. Zaituni akamzuia. "Iache, mjomba. Nataka niondoke nayo."

Hapo sasa ukaja ufunguo.

Ntandu akasema, "Rangi ni nguo tu. Aliyeuponya mwili wa gari ni mimi, tena mara mbili. Nipeni."

Msengi akasema, "Mwili gari lilikuwa nao siku zote. Mng'ao umetoka kwenye kidole changu, na kopo la kuokoa ni mimi niliyeliweka mlipotaka limalizwe. Nipeni."

Sauda akasema, "Bila mimi mngepaka vumbi. Na huyu na kitambaa chake angewaachia ugali wa buluu. Tena gari ni la kaka yangu. Nipeni."

Zaituni akacheka ndani ya mtandio wake. "Na mama je? Bila unga wake, vanishi hii ya pili ingetoka wapi?"

"Mimi kuendesha sijui," akasema Mama Zaituni. "Lakini siti ya mbele naijua."

Honi za upande wa bwana harusi zikasikika barabarani. Mikono mitatu imenyooshwa, ufunguo ni mmoja, na pikapu ya masufuria imeshawashwa. Enyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Bibi harusi ameshaketi. Je, nani alistahili kushika usukani wa Mzee Gunda?