Buku na Mashavu Yaliyojaa

Paukwa!

Pakawa!

Ehee, mmeitika vizuri, mpaka kuku wameshtuka. Lakini ngojeni kwanza. Wewe uliyejikunyata hapo nyuma, itika peke yako. Paukwa! … Mnaona? Sauti imekwama. Usione haya, mwanangu. Hata huyu ninayesimulia habari zake ilimkwama, tena mahali pabaya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapeana kazi, palikuwa na makao ya watoto wasio na kwao. Wengine walifiwa. Wengine walitupwa. Wengine waliokotwa wakirandaranda, wakiiba mayai ya watu. Mlezi wao alikuwa Mwalimu Kanga, mama mwenye moyo mkubwa na mdomo usiopumzika.

Makao yalikuwa na sheria moja ngumu. Masika yakianza, aliyekua anatoka, awe amepata kazi au hajapata, ili mdogo mwingine apate pa kulala. Kwa hiyo kila asubuhi Mwalimu Kanga aliwapanga mstari, akawafundisha mambo ya kazini.

"Ukifika kazini?"

"Tunasalimiaaa!"

"Usipojua?"

"Tunaulizaaa!"

"Ukikosea?"

"Tunasemaaa!"

Mwalimu Kanga alifurahi, akapiga mabawa pa pa pa. Watoto wangu wako tayari, akasema moyoni.

Katika mstari ule alikuwamo kijana mmoja, Panya Buku. Mnamjua buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko ndani ya mashavu. Buku huyu alikuwa mpole, mwenye nguvu, anaamka kabla ya wote. Lakini mashavu yake yalikuwa yamejaa karanga, siku zote, asubuhi na jioni. Wenzake walipoitika, yeye alitikisa kichwa tu. Na nani angejua? Sauti thelathini zikipaa pamoja, nani atahesabu kwamba ni ishirini na tisa?

Sasa nitawaambia zile karanga zilikuwa za nini. Siku moto ulipopita nyikani kwao, mama yake Buku alimjaza karanga mashavuni, akamwambia, "Kimbia mbele, mwanangu. Nakuja." Buku akakimbia. Akangoja. Mama hakuja. Karanga zile zilipooza alitia nyingine, na zilipooza hizo akatia nyingine, kwa sababu alijiambia, mama akija atakuwa na njaa, anikute na cha kumpa.

Siku za wageni, shangazi wa fulani alikuja, mjomba wa fulani alikuja. Buku alikaa kwenye jiwe, akatazama njia. Akatazama mpaka wageni wa watu wakaondoka. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje, na mdomo umejaa? Alikuwa mpweke, jamani, mpweke katikati ya wenzake ishirini na tisa.

Masika yakakaribia. Mwalimu Kanga akamtafutia Buku kazi kwa Fundi Mhanga. Mhanga ni yule mwenye masikio marefu na kucha za kuchimbia. Kazi yake ilikuwa kuwachimbia wanyama nyumba. Yeye huchimba mbele, msaidizi hukaa nyuma, hupokea udongo na kuutoa kwa kikapu.

Buku akafika alfajiri. Akainama kwa heshima, akatikisa kichwa. Fundi Mhanga akamtazama.

"Haya, kijana wangu. Humu ndani ni giza, hatuonani. Kila kikapu kikijaa nitakuita jina. Ukiitika, najua uko salama. Usipoitika, najua umefukiwa. Umenielewa?"

Buku akatikisa kichwa kukubali.

Wakaingia. Chakara, chakara, chakara. Kikapu kikajaa.

"Buku!"

Kimya.

"Buku wee!"

"Mmm," ikasikika sauti kama ya jiwe linalosagwa.

Fundi Mhanga akarudi kinyumenyume, akidhani kijana kafa. Akamkuta amekaa, mzima, kikapu mkononi. Kikapu cha pili ikawa vile vile. Cha tatu vile vile. Cha nne fundi akatoka nje, akajipangusa vumbi.

"Kijana, una nguvu na una adabu. Ila mimi siingii shimoni na mtu asiyeitika. Nenda nyumbani."

Nyumbani! Buku akarudi makao polepole, mvua ya rasharasha inamnyeshea. Zilibaki siku mbili masika yaanze.

Mwalimu Kanga aliposikia hakuamini. Akapanga mstari. Safari hii akauliza mmoja mmoja. Sungura akajibu. Nguchiro akajibu. Akafika kwa Buku.

"Ukifika kazini?"

Kimya. Mashavu mawili yamevimba, macho mawili yanalengwalenga.

Mwalimu Kanga akakaa chini pu!  Akasema, "Umekaa kwangu masika mawili, Buku, na sijawahi kusikia sauti yako. Nisamehe. Kosa ni langu."

Hakumwambia ateme. Aliogopa kumvunja moyo. Asubuhi yake wakaenda wote kwa Fundi Mhanga, na Mwalimu Kanga akaomba.

"Fundi, mjaribu tena nusu siku. Hataitika kwa mdomo. Atapiga mguu. Ndu! Ukisikia ndu, ujue yupo."

Fundi akakuna sikio. "Haya. Nusu siku. Ikishindikana, namchukua Fuko, yuko hapo anangoja."

Wakaingia. Chakara, chakara.

"Buku!"

Ndu!

"Vizuri!"

Chakara, chakara.

"Buku!"

Ndu!

Buku akafurahi. Kumbe inawezekana! Kazi atapata, na karanga za mama zitabaki.

Kikapu cha saba, tone la maji likamdondokea puani. Akainua mkono, akapapasa dari. Dari ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unapanuka. Krrr. Mbele kule Fundi Mhanga anachimba tu, hasikii.

Buku akapiga mguu. Ndu!

"Vizuri!" akajibu fundi, akaendelea. Chakara, chakara.

Ndu! Ndu! Ndu!

"Nimesikia, upo!" Chakara, chakara.

Krrr, ikasema dari.

Buku alijua. Akitema, karanga zitamwagika humu, na udongo ukishuka hatazipata tena. Mama akija atamkuta mikono mitupu. Akitoka peke yake, fundi atafukiwa.

Akatema. Karanga zikamwagika chini, parara! Akafungua mdomo, na sauti ambayo haikutumika masika mawili ikatoka, nyembamba, ya kukwaruza.

"Fundi! Tokaaa! Dari!"

Fundi Mhanga hakuuliza. Akarudi kwa kasi, wakakimbia, na nyuma yao poromo! Poromo! Shimo lote likajaa.

Wakaketi nje, mvua inawanyeshea, wamekuwa wekundu kwa udongo. Fundi akahema, akahema. Halafu akamwona Buku analia, mashavu yamesinyaa.

"Unalilia nini? Tumepona!"

"Zilikuwa za mama," akasema Buku. Na hapo akasimulia yote, moto, njia, jiwe la kungojea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mtu.

Fundi Mhanga akamsogelea. Kisha akauliza taratibu, "Mama yako angekuja jana, akakuita kwa jina lako, ungemwitikiaje?"

Buku akafikiri. Hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Akageuka upande nyika yao ilikokuwa, akasema kwa sauti ile ya kukwaruza, "Naam, mama. Shikamoo, mama."

Hakuna aliyeitikia. Mvua tu.

Fundi akaokota kikapu, akampa. "Kesho uje mapema. Tunaanza nyumba nyingine."

"Ndiyo, Fundi," akajibu Buku. "Nitakuja."

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Vijana, nguvu na adabu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusema, maana mwenzako hawezi kuona kilichomo ndani yako. Na nyinyi wakubwa mnaolea, msikilizeni kila mtoto peke yake, kwa maana katika kelele za wengi kuna anayenyamaza na huzuni yake.

Nami hadithi yangu naikomesha hapo, mlangoni mwa shimo. Mwenye neno, aliseme.