Nani Akae na Imelda?

Sogeeni karibu, wakubwa kwa watoto, maana kisa hiki hakitaisha mpaka ninyi mseme neno. Mimi kimenishinda.

Mbinga, kule milimani ambako mibuni hupandwa hadi mlangoni mwa nyumba, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Longino Ndunguru, karani wa chama cha ushirika, alikuwa mwepesi. Jambo likitokea, wengine wakiwa bado wanaulizana, yeye ameshaanza kulishughulikia. Mdogo wake Kandida, mshonaji, alikuwa na masikio. Akisikia tu cherehani ya jirani, aliweza kusema kama sindano imepinda au mkanda umelegea. Wa tatu, Aidani Kinunda, fundi bomba, hakulikubali neno "haiwezekani". Angemuuliza mtu wa kwanza, wa pili, wa kumi, mpaka apatikane anayejua.

Aliyewaunganisha ni Gaudensia. Kwa Longino alikuwa mdogo wake, kwa Kandida alikuwa dada, na kwa Aidani alikuwa mke wa marehemu kaka yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye mtoto mmoja wa miaka mitano aitwaye Imelda.

Madaktari walimkuta na saratani ya koo. Walimwambia upasuaji utaondoka na sauti yake, na hata hivyo hawakumwahidi kupona. Basi kwa wiki sita kabla ya upasuaji, kila alasiri alikaa mbele ya kompyuta ya shule akajirekodi akiongea na Imelda. Alimsimulia hadithi, akamwimbia, akamfundisha sala, akamweleza namna ya kusuka nywele na kwa nini alipewa jina la bibi mzaa baba yake. Zilikuwa rekodi sitini. Akazihifadhi kwenye diski ya nje, ile wanayoiita eksteno, kisha akairudisha kompyuta shuleni, nayo ikafutwa ipewe mwalimu mwingine. Miezi miwili baada ya upasuaji, akafariki.

Siku ya maziko, watu wakiwa wanatoa makochi nje ili waombolezaji wapate nafasi, Imelda alivuta mkoba wa mama yake kutoka juu ya kabati. Alitaka kunusa sweta iliyokuwa ndani. Diski ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Hakuna aliyemkaripia, na mpaka leo hajaambiwa kwamba hapo ndipo ilipoharibika.

Kesho yake asubuhi Longino aliichomeka diski ile kwenye kompyuta ya ofisini, Kandida akiwa pembeni yake. Ilikuwa ikilia tik, tik, tik. Longino hakupoteza muda. Alichagua mafaili yote, akakopi, akapesti. Ishirini na tatu yakaingia. Kwenye la ishirini na nne, kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, akajaribu tena, ikaganda palepale. Alipojaribu mara ya nne, mlio ukawa mkali zaidi.

"Kaka, ichomoe," Kandida akasema.

"Nikiichomoa, zilizobaki tutazipata wapi?"

"Ichomoe! Inazidi kuharibika. Husikii?"

Akaichomoa.

Aidani alipopata habari, aliifunga diski ndani ya taulo akapanda basi kwenda Songea. Mafundi wawili walimwambia imekufa, aende nyumbani. Wa tatu, mama mmoja aitwaye Tasiana, aliisikiliza kwa muda, kisha akamwambia kuna programu iliyotengenezwa na watu wengine kwa kazi ya kunakili tu, siyo ile inayokuja na kompyuta.

"Ile ya kompyuta ikikuta mahali pabovu inang'ang'ania hapohapo," alisema. "Hii inaruka. Inachukua kwanza yaliyo mazima, halafu inarudi kwenye mabovu polepole. Pale inaposhindwa kabisa, inaacha ukimya na kuandika kwamba imeshindwa."

"Mbona basi watu wote hawaitumii?"

"Ya nini, kaka yangu? Diski ikiwa nzima, ile ya kompyuta inatosha kabisa. Hakuna haja ya kujitafutia programu za nje. Ila hii yako siyo nzima."

Aidani aliporudi Mbinga na habari hizo, Longino hakutaka kusikia. "Shemeji, tuweke programu ya watu tusiowajua? Pale ofisini mtu alipakua kitu cha namna hiyo, virusi vikaharibu barua za mwaka mzima. Tuipeleke Dar es Salaam kwa wataalamu."

"Nimewapigia. Wanasema tusubiri miezi mitatu, na hawaahidi kitu."

"Basi tusubiri."

"Na ikifia kabatini tukiwa tunasubiri?"

Walibishana siku tatu. Aliyewanyamazisha ni mama mzazi wa Gaudensia, Mama Osmunda. Aliwaambia, "Mjukuu wangu ananiuliza kila asubuhi mama yake ataongea lini. Wekeni hiyo programu."

Aidani aliazima kompyuta isiyokuwa na kitu cha mtu ndani yake. Akaipakua programu kutoka kwenye ukurasa wa wenyewe walioitengeneza, akakataa kila kitu kingine kilichojitokeza kikimwomba abonyeze. Ikafanya kazi siku mbili. Naye alikaa hapo siku zote mbili, akiipepea diski kwa gazeti isipate moto, akiacha kazi za watu waliokuwa wakimpigia simu mabomba yao yamepasuka. Kati ya rekodi thelathini na saba zilizobaki, thelathini na tano zikaja. Mbili hazikuja kabisa.

Na Kandida? Huku diski ikiwa bado inafanya kazi, yeye alisikiliza. Alianza na zile za Longino, ambazo kompyuta ilikuwa imesema zimeingia salama. Masikio yake yakakataa. Ya saba ilikatika katikati ya wimbo, na ya kumi na tisa ilikuwa mluzi mtupu.

"Shemeji, rudia hizi mbili sasa hivi."

Aidani akaielekeza programu mahali pake kwenye diski, zikaja nzima. Akataka kuzirudia na nyingine za Longino, apate uhakika. Hapo diski ikanyamaza, na haikusomeka tena. Kama Longino asingeziwahi siku ile ya kwanza, ishirini na moja zingepotea pamoja nayo.

Kulikuwa na tatizo jingine. Zile zilizoletwa na programu zilikuja bila majina, zimechanganyikana. Kandida alizipanga kwa sauti. Za mwanzo sauti ilikuwa safi. Baadaye ikaanza kukwaruza, na kuelekea mwisho kila sentensi ilihitaji pumzi mbili. Alizipanga hivyo, moja baada ya nyingine, kwa kufuata namna dada yake alivyokuwa akiisha. Kazi hiyo ilimchukua wiki nzima, na cherehani yake haikusikika wiki hiyo.

Ya mwisho kabisa haikuwa ya Imelda, ilikuwa ya kwao. Kandida akawaita wote barazani kwa Mama Osmunda, wakasikiliza pamoja.

"Ndugu zangu," Gaudensia alisema, kwa taabu, "nimefikiria sana. Najua wote mnampenda. Lakini mtoto anahitaji nyumba moja. Naomba Imelda akae na..."

Kimya. Sekunde kumi na moja za kimya. Kisha sauti ikarudi: "...na wengine msikasirike. Nawashukuru."

Waliirudia mara nyingi, wakiwa wameinamia kile kispika. Hakukuwa na kitu.

"Programu yako imelimeza jina," Longino akasema.

"Haikulimeza, shemeji. Ilikuta pameshaharibika. Nani aliilazimisha diski mara nne?"

"Tungesubiri Dar, labda wangelitoa!"

"Labda!"

"Bila hiyo programu," Kandida akasema huku akilia, "tusingejua hata kama kuna mtu alimtaja."

Mama Osmunda aliwaacha mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Jina limepotea, wala hakuna anayejua lilikuwa la nani. Mimi nimezeeka, siwezi kulea. Na kwa kuwa nyote mnamtaka, mtoto atakwenda kwa yule aliyefanya kikubwa zaidi ili aisikie sauti ya mama yake. Semeni."

Longino akasema, "Mimi niliwahi. Ningechelewa siku moja, nyimbo nyingi za kumbembeleza zisingekuwepo."

Aidani akasema, "Wengine walikubali imekufa, mimi sikukubali. Zaidi ya nusu ya anachokisikia nimekileta mimi."

"Wao walikopi mafaili," Kandida akasema. "Mimi nilimsikiliza. Nisingesikiliza, mtoto angepewa mluzi akaambiwa ni mama."

Wakati huohuo Imelda alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu ya mama yake mdogo mapajani, chanuo mkononi. Alikuwa akisikiliza rekodi ya kusuka nywele. Walimsikia wote wanne akisema, "Mama, subiri. Huku bado. Rudia."

Mama Osmunda aliinua mkono kama mtu anayetaka kuonyesha kidole, akamtazama mjomba, akamtazama baba mdogo, akamtazama mama mdogo. Mkono ukarudi mapajani. Hajaamua mpaka leo. Imelda analala wiki hii kwa mmoja na wiki ijayo kwa mwingine, na kila anapofika anauliza atakaa siku ngapi.

Ndiyo maana nimewaita. Mmoja aliwahi, mmoja alitafuta, mmoja alisikiliza. Ukimtoa yeyote kati yao, mtoto hana mama wa kumsikia. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliye nyuma: ungekuwa Mama Osmunda, ungempa nani mtoto?